Mzigo Haukohoi

Wewe ulipita. Usigeuke nyuma kutazama nasema na nani, nasema na wewe. Ulipita kituo cha gari za shamba baada ya sala ya Isha, kanzu imenyooka, kofia imekaa sawa, baiskeli unaikokota kwa mkono mmoja. Ukawaona watu wamelala kati ya magunia. Ukageuza uso upande wa pili, kwenye duka la mafuta ya taa, kama mtu aliyekumbuka jambo la kununua. Duka lilikuwa limefungwa tangu Magharibi, na wewe ulijua.

Siku nyingine ulipita na mkeo, naye akauliza, "Wale nani wale?" Ukamjibu, "Watu wa shamba." Basi. Ukaona umeshajibu.

Haya, nikwambie mmoja wao alikuwa nani.

Alikuwa Bi Mwanakheir wa Makunduchi, mwanamke aliyesokota usumba maisha yake yote, akizika makumbi ya nazi pwani na kuyafukua, akiyaponda kwa mchi mpaka viganja vikawa vigumu kama kifuu. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Jicho la kulia halikuona ila mwanga. La kushoto liliona watu kama wamejifunika chandarua. Na binti yake, Mwatima, aliyeolewa mjini, alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Bi Mwanakheir alikuwa na haja moja tu duniani: apasuliwe macho kabla mtoto hajazaliwa, aweze kumpokea, kumwosha, kumkanda mzazi siku zote arubaini, na amwone mjukuu wake amefanana na nani. Hakutaka zaidi ya hayo.

Daktari wa macho alikuwa akija siku ya Alhamisi tu. Namba zilitolewa langoni mwa hospitali baada ya sala ya Alfajiri, namba kumi na tano, zikisha zimekwisha. Gari la Makunduchi lilikuwa moja, nalo liliingia mjini saa sita mchana. Hesabu mwenyewe. Mtu wa Makunduchi anayetaka namba ya Alhamisi hana budi kulala mjini Jumatano. Langoni mwa hospitali hapalaliki, askari anafukuza. Nyumba ya wageni inataka fedha za wiki nzima ya usumba. Kilichobaki ni kituo, palipo na banda la mabati na ukuta mmoja wa mawe, ambapo watu wa kusini walikuwa wakilala tangu enzi za Sultani, na za Mwingereza, na bado walikuwa wakilala mwaka 1967, mwaka wa tatu tangu tuambiwe kuwa nchi ni ya mnyonge.

Mwaka huo ndipo lilipoletwa bango.

*

Silima, mwanawe Bi Mwanakheir, ndiye aliyelisoma. Alimshusha mama yake garini kwa kumshika kiwiko, akamweka kwenye kivuli na furushi la mkeka na kikapu, kisha akasimama mbele ya ubao mpya uliopigwa misumari ukutani.

"Wasemaje?" mama yake akamuuliza. "Nasikia watu wananong'ona."

"Wasema: Kwa usalama wa wasafiri, ni marufuku mtu yeyote kulala kituoni. Mizigo inayolala iwekwe upande wa ukutani. Kwa amri ya Kamati ya Usalama wa Kituo."

"Mizigo yaruhusiwa?"

"Mizigo yaruhusiwa, mama."

Bi Mwanakheir akacheka kidogo kwa pua. "Basi heri muhogo."

Amri haikuzuka hivi hivi. Nitasema kweli hata kama kweli hiyo inamsaidia nisiyempenda. Mwezi mmoja kabla, mtu mmoja wa Bwejuu aitwaye Abdulla alijilaza chini ya lori kukimbia mvua, na lori likarudi nyuma, likampita miguuni. Alikufa siku ya pili. Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Himid, ndiye aliyemvuta kwa mikono yake kutoka chini ya magurudumu, na damu ikamtapakaa suruali. Aliapa hapo hapo kwamba mtu hatalala tena kituoni. Baadaye akaamuru na taa ya kituo izimwe saa mbili usiku, ili watu wasizoee. Ndivyo alivyosema: wasizoee.

Silima akamfuata mezani kwake, chini ya banda, mama yake nyuma ameshika ncha ya shati lake.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Sema, kijana."

"Mama yangu ana safari ya hospitali kesho. Macho. Tunaomba ruhusa tulale hapa leo tu, pale kando, mbali na magari."

Bwana Himid hakuwa mkali. Wangapi wanadhani mabaya hufanywa na watu wakali! Aliweka kalamu chini, akamtazama yule mama mtu mzima, na sauti yake ikawa laini.

"Bi mkubwa, mimi sikutieni karaha. Mimi nataka msife. Nshazika mmoja. Huna jamaa mjini?"

Bi Mwanakheir akaikaza ncha ya shati la mwanawe.

"Kila mtu ana jamaa mjini," Bwana Himid akaendelea. "Huna hata mmoja?"

"Nnaye," akasema polepole. "Binti yangu ameolewa Mpendae."

"Aa! Sasa?" Mwenyekiti akafungua mikono, akawageukia watu waliokuwa wakisubiri gari, kama anayewashuhudisha. "Binti yake wa kumzaa yuko Mpendae, na yeye anataka kulala kituoni! Ndio nyinyi hawa. Akifa mtu, lawama kwangu."

Baadhi ya watu wakacheka. Mpishi wa chai akasema, "Labda hapatani na mkwewe!" Vicheko vikazidi.

Bi Mwanakheir akavuta buibui lake karibu na uso. Angemwelezaje? Angesema mbele ya wanaume wale kwamba binti yake na mumewe wana chumba kimoja, kitanda kimoja, na pazia? Kwamba mtu na mkwewe hawalali chini ya pazia moja, asikie mkwe anavyogeuka usiku, naye asikiwe akikoroma? Kila mwanamke aliyekuwapo pale alielewa. Hakuna hata mmoja aliyemsemea.

"Twende zetu, mwanangu," akasema. "Mwenyekiti kasema kweli. Nnaye jamaa."

*

Chumba cha Mwatima kilikuwa nyuma ya nyumba ya udongo, mlango ukitazama migomba. Mama na mwana waliketi kwenye mkeka, na Mwatima, tumbo mbele, akawa anazunguka akitafuta cha kuwapa.

"Kaa kitako, mwanangu, unantia kizunguzungu. Njoo nikushike."

Akaweka kiganja juu ya tumbo la binti yake, kigumu kile, akakiacha hapo.

"Huyu anapiga teke kama punda," akasema. "Mwanamme."

"Hujamwona, ushamjua!"

"Ntamwona. Kesho wananipasua, au wananipa siku ya kunipasua. Ukizaa ntakuwa naona."

Mwatima akapata nafasi. "Basi leo unalala hapa. Bakar nshamwambia, atalala kwa rafiki yake. Au atakaa barazani. Mwenyewe kasema, mama, wallahi kasema mwenyewe."

"Nimfukuze mwanamme wa watu kitandani kwake?"

"Humfukuzi! Kasema..."

"Kashinda kutwa nzima anabeba magunia mgongoni, mie nije nimtoe alale barazani na mbu. Kisha majirani waseme nini? Mama wa mkewe kaja, yeye katupwa nje. Hasha." Akatengeneza ushungi wake. "Nshasema na Bi Bahiya wa Kiembe Samaki. Tutalala kwake, mie na kaka yako. Ana ukumbi mkubwa."

Silima akamtazama mama yake. Hapakuwa na Bi Bahiya aliyesemwa naye. Bi Bahiya huyo alikuwa amehamia Pemba mwaka wa juzi. Lakini mama akishasema neno mbele ya watu, mtoto hamkanushi. Akainamisha kichwa, akacheza na ncha ya mkeka. Mpaka leo anajilaumu kwa ile ncha ya mkeka.

Kwenye alasiri sauti ikapiga hodi upande wa migomba. Bi Mwanakheir akageuka haraka, akatazama ukuta, akajifunika uso mzima. Bakar naye hakuingia. Alisimama nje, kando ya mlango, mgongo wake kwenye udongo.

"Hodi humu ndani. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani?"

"Salama, alhamdulillah. Macho yasemaje?"

"Yanangoja kesho."

"Inshallah yatafunguka. Nimesikia mnalala Kiembe Samaki. Mimi nalisema mlale hapa, mama, mimi mahali pa kulala sikosi."

"Najua, mwanangu. Mungu akupe kheri. Mwenzangu ananingoja."

Bakar akakohoa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti nzito iliyokwaruza kidogo mwishoni, kama jahazi linaloburutwa mchangani. Miaka minne tangu aoe, yeye na mkwewe hawakuwahi kutazamana usoni. Alimjua Bi Mwanakheir kwa buibui lake, naye alimjua Bakar kwa sauti hiyo.

"Kesho bandarini hakuna meli," Bakar akamwambia mkewe kupitia mlangoni. "Ntaamkia kibarua popote ntakapopata. Usiningoje kwa chai." Kisha mkono ukaingia peke yake kwenye pazia, umeshika kifurushi cha gazeti. "Mpe mama. Mikate ya mofa na papa wa kuchoma. Ale njiani."

Bi Mwanakheir hakula mpaka walipofika barabarani, mbali na nyumba. Akampa Silima nusu.

"Mume wa dada yako ana adabu," akasema. "Wengine wanaozwa majini. Dada yako kaozwa mtu."

*

Mlinzi wa kituo alikuwa Mzee Nahodha, mtu wa makamo mwenye koti la jeshi lililokatika mikono. Saa ya Magharibi alizunguka na fimbo akipiga nguzo za banda. "Tokeni! Tokeni! Marufuku! Hamjui kusoma?"

Watu wakasimama wakachukua vifurushi vyao, wakajivuta mpaka barabarani. Kulikuwa na wanane au tisa usiku ule, wote wa hospitali au wa mahakama. Mtu mmoja alimwuliza twende wapi, Mzee Nahodha akamjibu, "Mimi sikuandikiwa mwende wapi. Nimeandikiwa mtoke." Akawaacha wasimame barabarani kwa muda wa kutosha kuvuta sigara moja. Bwana Himid alipopanda baiskeli yake kwenda kusali, mlinzi akageuza sauti.

"Haya. Mimi nimeamriwa mtu asilale. Mizigo sikuamriwa. Mzigo una haki ya kulala ukutani, imeandikwa pale kwa rangi. Mnanifahamu?"

Wakamfahamu. Walikuwa wamezoea kufahamu vitu vya namna hiyo.

"Kila mtu ajifunike mkeka wake au gunia, kichwa na miguu. Mkae katikati ya magunia ya muhogo na makumbi. Na mnisikilize: mzigo haukohoi. Mzigo hauulizi saa. Mzigo haupigi chafya, haunong'oni na mzigo mwenzake."

"Na haja ndogo je, Mzee Nahodha?" akauliza mwanamke mmoja.

"Muhogo umeona ukienda haja?"

Wakacheka, hata Bi Mwanakheir akacheka mpaka akafuta macho yake mabovu. Yule aliyeuliza aliitwa Bi Kazija, wa Jambiani, aliyekuja kwa ajili ya mguu wake wenye donda. Wakapanga mikeka yao ubavu kwa ubavu, kwenye pembe ya ukuta, Silima upande wa nje kama kizuizi.

"Asubuhi," mlinzi akamaliza, "asiinuke mtu mpaka nipige chuma mara tatu. Huenda Mwenyekiti yupo. Nikipiga, mnainuka watu."

Baada ya Isha Bwana Himid alirudi. Taa ilikuwa imeshazimwa. Alikuja na kurunzi, akaumulika ukuta tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Mizigo mingi leo."

"Msimu wa muhogo, Mwenyekiti."

Akasogea. Akanyoosha mguu, akausukuma mzigo mmoja kwa ncha ya kiatu, polepole, kama mtu anayepima embe. Ulikuwa ubavu wa Bi Mwanakheir. Yule mama akazuia pumzi. Alikuwa na miaka hamsini na sita, alikuwa ameozesha, alikuwa amezika mume, watu walimwamkia barabarani Makunduchi tangu mwanzo wa kijiji hadi mwisho, na usiku ule kiatu cha mtu kilimgusa naye akawa muhogo.

Mimi nasema Bwana Himid alijua. Muhogo mgumu, nyama haifichiki. Mguu wake ulijua, na kichwa chake kikajua. Alisimama pale. Angeweza kuwainua, ikawa ukatili. Angeweza kuiwasha taa, ikawa kuvunja amri yake mwenyewe. Akachagua la tatu, lile unalochagua wewe.

"Sawa," akasema, akazima kurunzi, akaenda kulala kwake.

*

Silima aliondoka kabla ya adhana ya Alfajiri ili awahi namba. Alimgusa mama yake begani juu ya mkeka.

"Nnakwenda, mama. Ntarudi kukuchukua nikishapata."

"Nenda, mwanangu. Usipigane na mtu. Hata ya kumi na tano inatosha."

Adhana ikatoka. Mzee Nahodha akaegemeza fimbo yake, akaenda msikitini kama kila siku, rakaa mbili na arudi apige chuma chake. Lori la muhogo la Alhamisi lilikuwa likiingia baada ya kupambazuka. Siku ile lilitangulia. Likarudi nyuma taratibu katika giza, likasimama hatua chache kutoka ukutani, na dereva akaita wachukuzi waliokuwa wakingoja kibarua nje.

Wachukuzi wana kazi yao na akili ya kazi yao. Gunia la kwanza halitupwi kwenye sakafu ya mawe, maana litapasuka na mchukuzi atalilipa. Hutupwa juu ya mizigo iliyokwisha lala, pale lilipo laini, kisha mengine hufuata.

"Panda juu wewe mrefu," dereva akasema. "Tupa pale ukutani, pana mizigo, patapokea."

"Naam. Tokeni chini basi, natupa!"

Bi Kazija alitoa kichwa kwenye gunia. "Bi Mwanakheir! Inuka, wanashusha!"

Mkeka wa pili haukutikisika. Kutoka ndani yake ikaja sauti ndogo. "Nyamaza. Huyo mkwe wangu."

"Nani?"

"Huyo wa juu. Mume wa mwanangu. Mie naijua sauti yake."

"Basi mwite! Mwambie uko hapa!"

"Nimwite nimwambie nini? Kwamba mie hapa nimelala chini kama kifurushi, na jana nilimwambia nnalala Kiembe Samaki? Ataniona nilivyo, sina hata buibui mwilini. Ngoja amalize, atakwenda zake."

Gunia la kwanza likaanguka upande wa miguu yake, kishindo, vumbi. Bi Mwanakheir akakunja miguu. Angeweza kuinuka wakati ule. Kulikuwa na nafasi ya kuinuka, Bi Kazija ameiapia nafasi hiyo mbele ya watu wengi: mchukuzi alikuwa bado ameinama akitafuta masikio ya gunia la pili. Yeye mwenyewe Bi Kazija alijiburuta na donda lake mpaka kwenye kona. Akamwona mwenzake anavuta mkeka juu ya kichwa, vizuri, na kuubana kwa mikono miwili, kama mwanamke anayefunga mlango mwanamme akipita.

Na Bi Kazija pia hakupiga kelele. Alikuwa mzigo. Chuma hakijapigwa.

Gunia la pili likatua kifuani.

Sauti iliyotoka haikuwa ya gunia. Bakar akaisikia. Akasimama kule juu, mikono imening'inia.

"Kuna nini pale?" akasema. "Jamani, kuna nini pale chini?"

Ndipo Bi Kazija akapiga ukelele, na mizigo yote ya ukutani ikainuka ikawa watu.

Bakar aliruka. Alilitupa gunia kando kwa mkono mmoja, akaufunua mkeka. Kulikuwa kumeanza kuwa kweupe. Akaona uso wa mwanamke mtu mzima, macho meupe wazi, na damu mdomoni.

"Nani huyu?" akauliza. "Wa nani huyu?"

"Mkweo," akasema Bi Kazija. "Kakujua kwa sauti."

Bakar akainama. Akavua shati lake, akamfunika mkwewe uso, taratibu, kama anayeomba radhi kwa kuutazama. Kisha akamwinua akamlaza kwenye gari la hamali, akalisukuma mwenyewe, mbio, kifua wazi, mpaka hospitali.

*

Silima alikuwa wa tatu kwenye mstari. Alikuwa ameshapewa kijikaratasi chenye namba tatu, na moyo wake ulikuwa mweupe kwa furaha, akawa anakitazama na kukikunjua. Gari la hamali likaja likikimbia, watu wakasema, "Pisha, pisha, mgonjwa!" Silima akarudisha miguu nyuma lipite. Akaona miguu ya mwanamke na shati la mwanamme juu ya uso. Yule mwenye kusukuma alikuwa ameinama, Silima hakumtambua. Akasema moyoni, Mungu amsalimishe, wa nani masikini. Akatazama tena namba yake, asipoteze nafasi.

Bi Mwanakheir aliishi mpaka jua likapanda kidogo. Mwatima aliwahi. Alipiga magoti na tumbo lake, akamshika mama yake kiganja kile kigumu, akakiweka pale pale kilipokuwa jana.

"Mama, ulisema Kiembe Samaki. Mama. Ulisema Kiembe Samaki."

Mama yake alisogeza midomo. Muuguzi aliinama akasikiliza.

"Anasema mtu asimlaumu," muuguzi akasema. "Anasema, mwambieni mkwe wangu sikumwona, na yeye hakuniona."

Nje ya mlango, mgongo wake kwenye ukuta, Bakar alisikia. Hata wakati ule hakuingia.

Saa tatu daktari wa macho alifika, na karani akasimama mlangoni kuita. "Namba moja. Namba mbili. Namba tatu. Namba tatu! Namba tatu hayupo?" Silima, aliyekwisha ambiwa ni nani aliyeletwa, alikuwa amekaa chini ya dirisha, karatasi mkononi. Akasikia. Karani akaita namba nne.

*

Walimzika Makunduchi siku ile ile. Gari lililompeleka lilikuwa lile lile lililomleta.

Kamati ya Usalama wa Kituo ilikutana Jumamosi. Mzee Nahodha aliitwa akaulizwa kwa nini aliwaficha watu. Akasema, "Niliwahurumia." Akaambiwa huruma yake ndiyo iliyoua. Labda ni kweli. Alivua koti lake la jeshi akaliweka mezani, akatoka. Bwana Himid alilia mbele ya watu, machozi ya haki, siyakatai. Kisha akapiga kura pamoja na wenzake, na Jumapili bango likapakwa rangi upya: Ni marufuku mtu yeyote au mzigo wowote kulala kituoni.

Hilo ndilo jibu lao. Taa bado inazimwa saa mbili. Watu wa kusini sasa wanalala nyuma ya banda, kwenye mtaro, pale magari yanapogeuzia, ambapo hata ukuta hakuna. Amri imetiiwa. Kituo ni safi.

Mwatima alizaa miezi miwili baadaye, mtoto wa kike. Aliitwa Mwanakheir. Alioshwa na mwanamke wa jirani.

Na Bakar amerudi kwenye kazi, maana watu wanakula. Lakini kazi imemharibikia. Akiwa juu ya lori, kabla hajatupa gunia lolote, hata mchana kweupe, hata sakafu tupu ikiwa mbele yake, husimama akaita kwa sauti yake ile, "Kama kuna mtu hapo, aseme! Aseme tu, hakuna aibu!" Hungoja. Kisha huita tena. Wenzake walikuwa wakimcheka. Madereva wanamkimbia, anachelewesha. Watoto wa mtaa wamekwisha mwigiza. Wewe mwenyewe umeshamsikia, ukasema ni mwendawazimu.

Yule anakuita wewe.

Leo ni Jumatano. Gari la Makunduchi limeshaingia mchana, nami nimehesabu waliokuwa na mikeka: kumi na mmoja, watano wanawake, mmoja ana mtoto mgongoni. Sasa hivi wanangoja giza waingie mtaroni. Una baraza ya mawe mbele ya nyumba yako, pana, babu yako aliijengea wageni. Una taa ya mkono. Una mke anayeweza kumkaribisha mwanamke mwenzake bila kumwuliza kama ana jamaa. Weka kitabu hiki chini. Nenda uwachukue kabla ya saa mbili, na kesho asubuhi uje na jirani zako mezani kwa Bwana Himid, tusimame hapo mpaka taa iwashwe usiku kucha na banda la kulala lijengwe, lenye ukuta pande zote na upande wa wanawake. Usiniambie utakuja wiki ijayo. Wiki ijayo pia ina Jumatano.

Inuka. Chuma nshakipiga mara tatu.